Kanda ya Kuagana

Mimi nasema kosa lilikuwa la Enos mwenyewe. Mtu mwenye akili zake hapiti nyumba hadi nyumba hapa Kinondo, baada ya sala ya Ijumaa, akipeana mikono na kugawa kanda ambayo wimbo wake wa mwisho unasema, "Kama nilikukosea, niwie radhi." Kwetu, anayezunguka hivyo ni mmoja wa wawili: anakwenda Makka, au anakwenda kaburini. Na Enos ni Mkristo wa bara.

Kazi yake ilikuwa kupiga gitaa la umeme katika hoteli moja ya Galu, muziki wa roki, ule wa kutikisa mabati. Alipotimiza miaka hamsini akatunga nyimbo nane zake mwenyewe: wa magoti yanayolia, wa mvi za kifuani, wa rafiki aliyesahau jina lako. Ule wa kuomba radhi alimtungia Ami Mselem, jirani yake wa ukuta mmoja. Hawakuwa wakiamkiana tangu vurugu za mwaka wa tisini na saba, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa. Alfajiri moja Enos alibisha kwa Mselem ajifiche, mlango haukufunguliwa. Mambo yalipotulia, Enos akamtukana mzee wa watu mbele ya wajukuu zake. Sasa alitaka yaishe, na ana kwa ana hakuweza.

Jumapili nyumba ya Enos ilijaa watu waliokuja kumwona mgonjwa. Bi Zulekha wa mtaani alileta maji ya kombe, yaliyooshewa aya za kumponya mgonjwa, mwingine uji wa mchele.

"Jamani, mimi ni mzima!" Enos alisema.

"Ndivyo wasemavyo wagonjwa wote," Zulekha akajibu. "Hebu kunywa, mwanangu."

Mkewe, Rael, alikuwa na macho mekundu. "Enos, daktari alikuambia nini?"

"Daktari gani?"

"Huyo uliyenificha."

Enos akajishika paji la uso kuona kama lina moto. Nilimwona.

Ndipo akaingia Ami Mselem.

"Shikamoo, mzee," Enos alisema.

"Marahaba. Mbona uko wima?" Hakungoja jibu. "Kanda nimeisikia. Nimekuwia radhi kwa matusi yako. Nawe uniwie mimi. Alfajiri ile hatukuwa tumelala. Nilikuwa nyuma ya mlango, komeo nimelishika kwa mkono huu. Nilikusikia ukiniita."

Enos alinitazama, nami nikamkonyeza: nyamaza, jilaze, kohoa hata kidogo! Miaka miwili ameingoja radhi hiyo, aharibu ya nini?

"Mzee," akasema, "mimi siumwi."

"Huumwi?"

"Hata mafua sina. Ni nyimbo tu. Za uzee."

Ami Mselem akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. "Nani basi aliyesema anakufa?"

Wote wakanigeukia mimi. Nikasema uji unapoa.

"Sasa yale niliyoyasema?" mzee akauliza.

"Nimeyasikia."

"Mgonjwa angenisamehe palepale. Hana siku za kununa. Wewe mzima je?"

Nyimbo nane Enos ametunga, za uzee na kusameheana, na swali moja limemshinda. Alimtazama Rael, Rael akatazama mkeka. Hata mimi, ambaye sikosi neno, sikujua nitamani nini: aseme ndiyo kwa heshima, au amfukuze kwa haki yake.

"Sijui, mzee," akasema mwishowe. "Nilidhani najua. Mlango ule, baadaye nilijiambia kuwa mlikuwa mmelala."

"Ningekwambia tulikuwa tumelala, ungesamehe?"

"Nilikuwa nimeshasamehe."

Ami Mselem akatikisa kichwa kama aliyetajiwa bei asiyoielewa. Akavua kofia, akaenda kwenye kitanda tulichomtandikia mgonjwa, akaketi.

"Basi nitangoja jibu hapa," akasema.

Rael akabaki amesimama na bakuli la uji, hajui ampe nani.