Upande wa Juu wa Udongo

Vipande vya udongo vilipangwa mezani, na kila kimoja kilimkana wifi yake Kobe.

Jina la Kobe alipewa na huyo huyo wifi, mke wa kaka yake, kwa polepole yake. Ukimtuma maji, wifi alikuwa akitania, mwenye kiu ataoshwa nayo akiwa maiti. Lakini karakana ilipohitaji mikono isiyo na haraka, ni Kobe aliyeitwa.

Wifi aliunganisha mabamba ya alumini bila kuyayeyusha. Chombo chenye bega pana na ncha fupi, ambacho Kobe alikiita mwiko, kilizungushwa kwa kasi, kikazamishwa pale mabamba yalipogusana, kisha kikatembezwa. Msuguano ulitia joto, alumini ikalainika kama unga uliokandwa, mwiko ukaisonga, na nyuma yake ukabaki mshono. Kobe alielezwa mara nyingi na bado hakuelewa: kitu kisichoyeyuka kinatiririkaje? Kuuliza si ujinga, wanasema, ila yeye kila akiuliza ndipo giza lilipozidi.

Kwa kuwa hakuna awezaye kuona ndani ya alumini, wifi aliuchora mwendo wake kwa hesabu kwenye kompyuta, nyekundu penye joto, buluu penye baridi. Picha ilisema usongaji ni mpana juu, chini ya bega, na unapungua kadiri unavyoshuka. Ili kuihakiki, Kobe alipanga kwenye kalibu, kijisanduku cha kutolea umbo, udongo wa kuchezea watoto, mweusi kushoto, mweupe kulia. Mwiko mdogo ukapita. Udongo ukagandishwa kwenye friji, naye akaukata vipande.

Vipande vikasema kinyume. Rangi zilichanganyika sana chini, juu kidogo tu.

Wifi akavitazama, akaitazama kompyuta, akavirudia. Akaagiza vingine, vikaja vilevile. Akaacha utani. Alikula amesimama, akijisemea kwamba labda joto linashuka na kujikusanya chini, labda hesabu zilianza kombo. Kobe alimwangalia akifuta na kuandika upya, akahisi kosa ni lake. Lakini kosa gani? Kila kitu alikifanya kwa usafi.

Siku ya jaribio mwenye karakana, waliyemwita Kipara hata mbele yake, alileta mabamba mawili ya tangi la mteja. Hapakuwa na mengine. Kuchomelea kwa moto, alisema, hakukuwahi kuhitaji chekechea. Alikubali mara hii tu, kwa neno la wifi; mshono ukitoka wazi upande wa chini, mashine inafunikwa turubai na wifi atafute kazi kwingine.

Na wifi alikuwa ameamua kuufuata udongo. Kama chini kunasongwa kupita kiasi, basi atauinua mwiko kidogo.

Kobe alikuwa akifagia. Kwenye ndoo ya taka aliona masalio yake, ncha za udongo zenye tundu pale mwiko ulipong'olewa. Alikuwa akizikata na kuzitupa kwa sababu ziliharibu sura, kama kingo za keki zilizoungua. Akaokota moja. Tundu lilifunguka upande mmoja tu, na upande huo ndiko rangi zilikochanganyika zaidi. Lakini mwiko huingilia juu.

Akaiweka ncha kando ya kipande cha mezani. Havikulingana. Akakigeuza kipande kichwa chini. Vikalingana.

Akili ikamzunguka. Kipi kilichopinduka, kipande au yeye? Akafumba macho, akaiacha mikono ikumbuke: inafungua friji, inainua kalibu, inaipindua juu ya meza na kuigonga kitako udongo utoke. Hivyo ndivyo alivyotoa keki zamani, alipofanya kazi kwa mwoka mikate. Kisha waya wa kukatia, kunyoosha nyuso zote mbili, mpaka alama za bega zinafutika. Kila mara.

Mwiko ulishaanza kuzunguka. Kusema mbele ya Kipara ni kumvua wifi nguo hadharani. Kunyamaza pia hakuweza, na hakuwa na hakika hata kama anajua anachokijua. Akaenda, ncha mkononi.

"Wifi, zima kwanza."

Wifi akazima.

"Udongo nilikuwa nautoa kwa kuupindua. Juu ndiyo chini. Nadhani."

"Unadhani?"

"Tundu hili lina hakika. Mimi sina."

Wifi akaigeuza ile ncha, akaigeuza tena, kama mtu anayetafuta mbele ya fulana gizani. "Vyote?"

"Vyote."

Kipara akasema taratibu kwamba kumbe tangi la mteja linangoja wapishi wakubaliane. Wifi aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, na Kobe hakujua anacheka au analia. Kisha akarudisha hesabu za mwanzo, akaushusha mwiko.

Walipokata ukingo wa ziada, mshono ulikuwa umefunga mpaka chini. Kipara alipitisha kucha, akaguna, akaenda zake.

Wifi akampa Kobe msumari. "Kesho, kabla hujaipindua kalibu, kwaruza alama juu ya udongo, na usiifute kwa waya."

Kobe akafikiri sana. "Nikiipindua, alama si itakuwa chini?"

"Itakuwa chini."

"Na hapo ndipo juu?"

"Hapo ndipo juu, Kobe."

Akautia msumari mfukoni, akaendelea kufagia, midomo ikimcheza.