Chokaa Kwenye Mwamba wa Ng'ombe

...michoro iko wapi, bibi, tuonyeshe, anauliza mgeni rasmi, kwa upole kabisa, kipaza sauti kakisogeza mdomoni kwa mayu Kwandu, mama mzee anayeilinda michoro, na mimi Lusajo, afisa utamaduni wa wilaya, nimekaa safu ya pili chini ya turubai, nabandua lebo ya chupa ya maji kama vile sikusikia, iko wapi, iko nyuma ya mgongo wake, mheshimiwa, chini ya chokaa, ng'ombe kumi na mmoja wekundu na mtu mmoja mwenye fimbo, wa kale kuliko wilaya, kuliko watemi, na chokaa hiyo ni yangu... pakeni mpaka juu, niliwaambia mafundi kutoka Bariadi juzi, nikaonyesha kwa kidole nikiwa ndani ya gari, maana mgeni akija sisi tunapaka chokaa, tunapaka mawe ya njiani, tunapaka mashina ya miti, na ule uso wa mwamba ulijaa vumbi, sikuona kitu, ningeonaje, miaka mitatu naishia barabarani, ripoti yangu ya kurasa kumi na mbili, hali ya michoro ni nzuri, niliiandika kwa picha za simu alizonitumia mwenyekiti wa kijiji, aibu gani hii, mtu mzima na suti yangu... "Bibi labda hakusikia," anasema mshereheshaji, watu wanacheka kidogo, amesikia, jana nilimkuta peke yake hapo na ndoo ya maji, kitenge kimelowa, anasugua, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko, mwangaluka mayu, nikasema, salamu ya asubuhi na jua limeshainama, hata salamu nilikosea, akanigeukia, "Ng'wanone, mwanangu, hawa nilikabidhiwa na mama yangu. Nimewalinda na watoto wanaochora majina kwa mkaa, nimewalinda na wanaochimba wakitafuta mali zilizofukiwa na Wajerumani. Wewe nilikuamini, umesoma," na mimi nikamjibu nini, nyamaza kwanza, mayu, mgeni aje aondoke, nitalishughulikia, neno letu la ofisini lile, akasema haya, nimenyamaza... na amenyamaza kweli, wakati kule nyuma ya kamba wanakijiji wanamkodolea macho, mafundi walikuja na kuondoka siku ya mnada, kijiji kizima kiko mnadani, hakuna aliyewaona, walichokiona watu ni kikongwe mwenye chokaa mikononi, na mvua imechelewa, pamba inakauka shambani, tangu asubuhi nasikia maneno, kazifuta ng'ombe za mababu, kaifunga mvua, macho yenyewe si unayaona, mekundu, ni moshi jamani, miaka arobaini anapikia samadi kavu, kuni hakuna... mwaka juzi Minza, jirani yake, walianza hivihivi, maneno, macho, halafu mapanga mlangoni kwake, nikaenda mazikoni na shati jeupe, nikasema serikali inalaani, nikarudi Bariadi nikala samaki wa Lamadi, nikalala, ndipo nikamwahidi Kwandu, ukiwa mlinzi wa eneo la kale, mayu, na kibao cha serikali hapa, nani atakugusa, Mungu wangu, kibao kipo, kinang'aa... "Usiogope, bibi," anasema mgeni, haogopi, mheshimiwa, ananitunzia siri, anatazama safu ya pili, wala hana hasira, afadhali angekuwa na hasira, ananitazama kama mama anayengoja mtoto aseme mwenyewe nani kamwaga maziwa, nami nangoja nini, nangoja aseme sijui, ndiyo, ukweli ndio huo, tangu asubuhi naomba kimoyomoyo aseme sijui, bibi mzee hakumbuki, tupige picha, tule pilau, tuondoke, na wiki ijayo waniite nije kulaani tena, shati jeupe ninalo, limepigwa pasi... lebo imebanduka yote, imenata vidoleni, kipaza sauti bado kiko mdomoni kwake, swali bado liko palepale, hakuna aliyesogea, hata mimi, ila shati lile sitalivaa, sitalivaa, nasimama, naita kwa sauti, mheshimiwa, usimuulize yeye, niulize mimi.