Madigadi ya Kushoto

Saluni nzima ilimwita Kibiriti, na si kwa sababu ya wembamba wake. Alikuwa fundi wa kucha mwenye mkono uliotulia. Mteja angeweza kupiga chafya katikati ya kazi na ua lililokuwa likichorwa kwenye ukucha wa kidole chake cha mwisho lisipinde hata kidogo. Lakini ukimchokoza, mkono ulibaki umetulia vilevile na mdomo ndio uliowaka.

Aliishi na baba yake, mzee aliyeendesha teksi mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya leseni, kisha ikamnyang'anya na mwanga wote. Mama yake alikuwa ameshafariki. Kaka yake, mtoto wa kwanza, alihama zamani. Aliuza magari kwenye yadi kubwa ya upande wa pili wa mji, na Jumapili alifika na mfuko wa matunda, akaketi nusu saa huku simu iko mkononi, akaaga.

Sebuleni, chini ya dirisha, palikuwa na meza ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuegemeza hata kiwiko. Hapo Kibiriti alitengeneza magari madogo ya modeli. Alianza kama mchezo tu: unanunua kisanduku, ndani mna vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu kama majani kwenye kijiti, unakata, unapiga msasa, unagundisha, unapaka rangi. Miezi ya mwanzo alifuata maelekezo neno kwa neno. Baadaye akachoka kuambiwa. Akaanza kuyabadilisha. Moja alilikata paa, lingine akalishusha mpaka tumbo likakaribia kugusa chini, lingine akalitoa tairi zake na kulivisha za lori. Brashi zilezile za kuchorea kucha ndizo zilizopaka vishikizo vya milango na sindano za dashibodi.

Siku moja alimpa baba yake gari alilokuwa ndio amelimaliza, alishike. Mzee akalipapasa kwa vidole taratibu, kisha vidole vikasimama kwenye boneti.

"Hii pua naijua," alisema. "Kama ya gari langu."

"La teksi?"

"La teksi. Ila langu lilikuwa refu huku nyuma. Na juu lilikuwa na keria ya mizigo."

Hivyo ndivyo kazi ile ilivyoanza. Gari la mzee lilikuwa limeshauzwa kama chuma chakavu, na picha yake haikuwapo hata moja, kwa hiyo Kibiriti alijenga na baba akakagua kwa vidole. Alirefusha mgongo kwa karatasi ya plastiki. Keria aliisuka kwa waya mwembamba. Viti alivivisha ngozi aliyoikata kwenye pochi kuukuu ya mama. Mlango wa dereva aliupaka bluu iliyopauka kidogo kuliko bodi, kwa sababu mlango ule mzee aliununua kwenye gari lingine lililokufa.

Lililowasumbua kupita yote lilikuwa bonde la madigadi ya kushoto, mbele, juu ya tairi. Mzee alilipata siku alipomkimbiza mkewe kujifungua mtoto wa kwanza. Mlinzi wa hospitali alikuwa amefungua lango nusu, na mzee hakuwa na subira ya kungoja nusu ya pili. Mtoto alizaliwa injini ya gari haijapoa. Mafundi wa bodi walimfuata miaka nenda miaka rudi wakitaka kumnyooshea lile bonde, naye akawajibu kwamba huwezi kunyoosha cheti cha kuzaliwa cha mtu.

Kibiriti alipasha kijiko moto, akailainisha plastiki, akaibonyeza kwa kitako cha brashi.

"Kina mno," baba alisema. "Niligonga lango, sikugonga treni."

Akajaza, akarudia. Safari hii likawa dogo mno. Akarudia tena, na tena, akivuta pumzi kwa meno. Mwisho mzee akaweka kidole gumba ndani ya lile bonde na hakukitoa.

"Hapo," alisema. "Usiguse tena."

Tangu siku hiyo gari lilikaa kwenye rafu ya chini, kando ya kiti cha mzee. Kila asubuhi baada ya chai alilichukua akaliweka mapajani. Majirani walipokuja kumjulia hali aliwaonyesha, akiwaelekeza kwa vidole kama anayewapeleka sehemu anayoijua.

Alhamisi moja Kibiriti alirudi kutoka kazini akamkuta baba ameketi mikono mitupu juu ya magoti.

"Kaka yako amepita," mzee alisema. "Amechukua gari. Anasema mmekubaliana, analipeleka likaonyeshwe watu."

"Amekubaliana na nani?"

"Na wewe."

Hakuuliza zaidi. Alipiga simu akiwa bado na mkoba begani.

"Mdogo wangu, tulia kwanza," kaka yake alisema. "Nimelipeleka mahali linapoonekana. Kazi nzuri vile unaifungia ndani. Huko linaonwa na nani? Baba mwenyewe haoni."

"Rudia."

"Rudia nini?"

"Hilo ulilosema juu ya baba."

Kaka mtu akakohoa. Akasema kesho atalirudisha. Kesho yake akasema kesho. Siku iliyofuata simu haikupatikana, na Jumapili hakufika. Jumatatu asubuhi Kibiriti aliwaambia saluni wampangie wateja wa mchana, akaenda yadi.

Magari yalikuwa yamepangwa kwa safu, yameoshwa, tairi zimepakwa dawa zikang'aa kuliko zilipotoka kiwandani. Mwishoni mwa safu palikuwa na ofisi ya vioo yenye ubaridi wa kuumiza meno. Juu ya kaunta ya mapokezi aliona kisanduku cha kioo, na ndani yake gari dogo jeupe lenye nembo ya yadi kwenye milango yote. Alilipita kwa macho. Akatafuta gari la baba yake kwenye kabati, kwenye meza za wauzaji, ukutani. Kisha macho yakarudi kwenye lile jeupe, yakatua juu ya paa. Keria ya waya.

Akasogea. Lilikuwa limepuliziwa rangi nzito ya magari ya kweli, imejaa kwenye mistari ya milango mpaka milango ikawa kama imechorwa tu. Mlango wa dereva haukuwa na tofauti na mingine. Pembe za vioo zilikuwa na madoa meupe. Madigadi ya kushoto ilikuwa imepigwa putii, ikasuguliwa, ikalala laini kama yai.

Akaweka kiganja juu ya kisanduku cha kioo.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Alitoka mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo, mwenye yadi mwenyewe, akiwasindikiza wateja wawili, na nyuma yao kaka yake aliyevaa tai.

"Karibu, dada," mwenye yadi alisema kwa ukarimu. "Naona unaangalia kazi ya kijana wetu. Huyu muuzaji wangu ana mikono ya ajabu. Anayatengeneza mwenyewe, nyumbani kwake."

Kibiriti akamtazama kaka yake, akangoja. Alimpa nafasi. Kaka mtu akarekebisha tai.

"Madam, huyu ni mdogo wangu," alisema. "Huwa ananisaidiasaidia."

Mmoja wa wateja akatabasamu kwa adabu.

"Kaka," Kibiriti alisema, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotarajia, "nani amepiga putii madigadi ya kushoto?"

"Ah, ile? Ilikuwa imebonyea. Nilimpa fundi wetu wa rangi airekebishe. Gari la kuonyesha wateja haliwezi kukaa na bonde."

"Unajua bonde lile lilitoka wapi?"

"Si ulikosea ukaliunguza? Sikutaka kukusema tu."

Sasa sauti ilipanda.

"Lile bonde ni wewe. Ni lango la hospitali, siku mama alipokuwa kiti cha nyuma ameuma kitambaa na wewe unataka kuzaliwa barabarani. Baba amekaa nalo maisha yake yote, akakataa kulinyoosha. Miezi mizima amelitafuta kwa kidole mpaka nikalipata, wewe Jumapili kwa Jumapili uko palepale, unachezea simu, hukuuliza hata siku moja tunafanya nini. Halafu unaniambia baba haoni. Wewe unaona nini?"

Binti wa mapokezi alijifanya anatafuta kalamu.

"Si hapa, tafadhali," kaka yake alinong'ona. "Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ulikwenda ukamdanganya kipofu. Tunaongea hapahapa."

Mwenye yadi alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Dada yangu, pole. Kama fundi ni wewe, mimi sina ubaya na mtu. Taja unachotaka, na utanitengenezea mengine."

"Mama, siuzi. Nimekuja kuchukua cha baba."

Yule mwanamke akamgeukia muuzaji wake. "Gari ni lako au si lako?"

Kaka mtu aliangalia viatu vyake. "Ni la familia," alisema.

Jibu lile ndilo lililommaliza Kibiriti. Kama angesema uongo mzima angemvumilia kidogo. Aliinua kisanduku cha kioo, akakiweka sakafuni, akalitoa gari kwa mikono miwili. Mlinzi alisogea mlangoni. Mwenye yadi akamwashiria ampishe.

Njia nzima alitafuta uongo wa kumwambia baba: kwamba gari bado linaonyeshwa, kwamba limeshinda zawadi. Lakini mzee alisikia ufunguo na akawa ameshanyoosha mikono.

"Umelileta?"

Akampa.

Mzee alinusa kwanza. Kisha vidole vikatembea: keria, paa, mlango wa dereva. Kidole gumba kikashuka kwenye madigadi, kikateleza. Kikarudi. Kikateleza tena. Akaligeuza gari akidhani amekosea upande, akajaribu kulia, akarudi kushoto.

"Nani amelinyoosha?"

"Mwanao."

Mzee alilifunika gari kwa viganja. "Hakujua," alisema mwishowe.

"Hakuuliza, baba. Usimfichie."

Jioni ileile alijaribu kuiondoa rangi. Alichovya kitambaa kwenye dawa, akasugua polepole, lakini rangi ya magari ilikuwa imeshaing'ata plastiki. Nyeupe ilipotoka, ilitoka na ngozi ya chini. Paa likalainika, likakunjamana kama vidole vilivyokaa sana majini. Alikitupa kitambaa ukutani, akalia kwa hasira, akiuma ngumi ili baba asisikie. Baba alisikia.

"Litupe," alisema kutoka kitini.

"Silitupi."

"Basi anza lingine. Mimi bado nalikumbuka."

"Unalikumbuka leo." Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Na ukija kusahau?"

Mzee hakukasirika. Alijikuna kidevu. "Basi fanya haraka," alisema.

Kibiriti akanunua kisanduku kingine kama kile cha kwanza, akaanza kukata.

Kaka yake hakuonekana Jumapili mbili. Ya tatu alisimama mlangoni bila matunda, ameshika kisanduku kikubwa cha modeli kilichofungwa utepe. Lilikuwa gari la mashindano, jekundu, la bei mbaya.

"Nimekuletea," alisema. "Nimeulizia, wamesema hili ndilo bora."

Kibiriti hakulipokea. "Hilo ni gari la nani?"

"Vipi la nani? Ni lako."

"Hujaelewa bado."

"Nisikilize basi na mimi. Madam hataki hata kuniangalia. Ameniondoa ofisini, nawafungulia wateja milango ya magari huko juani. Umenidhalilisha mbele ya watu."

"Mimi nimekudhalilisha?"

"Ungeweza kuniita pembeni."

"Ulisema nakusaidiasaidia," Kibiriti alisema. "Ningekuita pembeni ili unisaidiesaidie nini?"

Alikuwa ameshaanza kuusukuma mlango sauti ya baba ilipotoka ndani.

"Mwache aingie. Hii bado ni nyumba yangu."

Akampisha. Kaka mtu alielekea moja kwa moja mezani kuweka kisanduku chake.

"Hapo hapana," Kibiriti alisema.

Akaketi nacho mapajani kama abiria aliyekosa pa kuweka mzigo. Mzee akamwomba mkono. Akaushika, akauweka juu ya lile gari lililoharibika, ambalo lilikuwa halijatoka kwenye rafu yake, akakiongoza kidole cha mwanawe hadi madigadi ya kushoto.

"Hapa," alisema, na akaanza kusimulia tangu mwanzo: mvua ilivyokuwa, mama alivyokataa kufumbua macho, mlinzi na lango lake. Kaka mtu aliinamisha kichwa. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ambayo Kibiriti hakuwahi kuisikia kwake, "Baba, na mlinzi alisema nini?"

Kibiriti alilijua jibu. Alilijua pia swali ambalo lingefuata, kwa sababu yote alikuwa ameshayauliza yeye, kwenye meza hii, brashi mkononi, wakati huyu anatazama simu. Akanyoosha mkono chini ya meza, akawasha kompresa ndogo ya kupulizia rangi.

Mngurumo ukajaza sebule. Hakuwa na cha kupuliza. Bodi mpya haikuwa imepigwa hata msasa. Aliiacha ingurume, mgongo ukiwa kwao, mpaka kaka yake alipoinuka na kisanduku chake akaondoka.