Damu Iliyorudi Nusu Njia

Daktari Ismenia alikuwa amefika katikati ya mstari aliokuwa akiuchora kwenye skrini, pale Ulises, mpiga picha za wagonjwa wa zamu, alipochungulia mlangoni akiwa tayari na koti la mvua.

"Bado hujamaliza tu?"

"Usinisemeshe. Nikitikisika naanza upya."

"Leo Jumapili, daktari. Mama mkwe amechoma mwanakondoo. Wewe utakuja kuolewa na hizo picha."

"Angalau hazikoromi."

Ulises alicheka, akaaga. Hatua zake zilififia koridoni, ikabaki mvua ya Puerto Montt, kusini mwa Chile, isiyo na haraka ya kwenda popote. Ismenia alizaliwa kaskazini, jangwani, ambako mtu huzeeka bila kumiliki mwavuli. Miaka yote aliyokaa huku kusini hakuwa ameizoea sauti hiyo.

Kwenye skrini kulikuwa na ubongo wa mzee Belarmino Guineo, mtu wa visiwa vya Chiloé, aliyeletwa jana akiwa na kiharusi, mkono wa kulia ukining'inia na maneno yamemkauka. Madaktari wenzake Ismenia walipitisha waya kwenye mshipa wa paja mpaka kichwani, wakalinasa bonge la damu na kulitoa. Mshipa mkubwa ulifunguka vizuri, watu wakapeana mikono. Lakini picha za leo zilionyesha jambo jingine: jinsi damu inavyopenya kwenye nyama ya ubongo yenyewe. Upande wa kushoto, panapotengenezwa maneno, palikuwa na sehemu ambayo damu iliingia kwa kusitasita, kama maji yaliyojaa mfereji mkuu yakashindwa kufika matutani.

Kazi ya Ismenia ilikuwa kuizungushia sehemu hiyo mstari, kuipima, kisha kutabiri kama mzee ataongea tena. Mashine ilikuwa imeshachora mstari wake, lakini hakuuamini. Moyo wa mzee ulisukuma polepole dawa inayoionyesha damu kwenye picha, na mashine ilidhani kila kuchelewa ni njaa ya damu.

Alikuwa na utaratibu aliojiwekea mwenyewe: hakutani na ndugu wa mgonjwa kabla hajaufunga mstari. Uso wa mke au wa mtoto huuvuta mkono, ama huku ama kule. Kwa hiyo wodini wachache walimjua, na chakula alikula palepale, mbele ya skrini.

Mlango uligongwa. Alisimama mwanamke mzee, kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani inayonywewa kwa mrija, mkono mmoja, chupa ya chai mkono wa pili.

"Samahani, mwanangu. Natafuta maji ya moto. Kule juu wameniambia birika limeungua."

Alipaswa kumrudisha. Badala yake aliwasha birika lake. Mwanamke akatazama skrini, kisha akasoma jina lililoandikwa pembeni, herufi moja moja.

"Huyo ni wangu," akasema.

Ismenia akamvutia kiti.

"Naitwa Edelmira. Mbona daktari mwenye ndevu alisema mshipa umefunguka? Alinishika mikono yote miwili."

"Umefunguka, mama. Ni kweli."

"Basi wewe unachora nini?"

"Natazama damu imefika wapi baada ya kufunguka."

Edelmira alimimina maji kibuyuni taratibu. "Jumamosi tunavuta nyumba, nzima nzima, juu ya magogo," akasema. "Kule mlimani magoti ya mzee hayapawezi tena, kwa hiyo tunaishusha karibu na kanisa. Majirani wote wameitikia ujima, maksai wameshaombwa. Na nyumba ikivutwa, anayewaita maksai ni mmoja tu, wengine wote kimya. Kwetu anayeita ni yeye, tangu ujana. Maksai wanaijua sauti yake. Hata mimi nyumbani ananiita kwa sauti ileile."

"Nawe unakwenda?"

"Sitoki hata hatua. Hapo ndipo ninapoachana na maksai."

Walicheka kidogo, wote wawili.

"Kumpadre Fidel, ndugu yetu wa ubatizo, anangoja simu yangu leo," Edelmira aliendelea. "Nikimwambia aite yeye, basi nafasi imekwenda. Hairudishwi, ni yake mpaka afe. Mzee akipona ataniuliza nani alimzika akiwa hai. Nikisema tumngoje, majirani watatawanyika, tope litaanza, nami nitakaa kule juu mwaka mzima na mtu asiyeweza kushuka. Wewe unaona ndani. Ataita?"

Ismenia alitazama skrini. Sasa aliona kingo mbili. Moja ilikuwa nyembamba, ndiyo aliyoitamani. Nyingine ilikuwa pana, nayo aliiogopa. Dakika chache zilizopita alikuwa akiona ukingo mmoja tu.

"Kabla hujaingia ningeweza kukujibu," alisema. "Sasa mkono wangu umeshakujua."

"Maana yake ni mbaya."

"Maana yake sijui, mama. Kuna sehemu damu imerudi vizuri. Kuna sehemu inasita. Hiyo inaweza kuamka, inaweza kufa. Kesho nitaitazama upya."

"Kesho," alisema Edelmira, kama anayepima uzito wa kitu. Alimpa kibuyu, Ismenia akanywa mpaka mwisho, akamrudishia. "Wewe una watu hapa mjini?"

"Hapana."

"Nilidhani hivyo. Birika lako ni la kikombe kimoja."

Alipotoka, sauti yake ilisikika koridoni kwenye simu. "Fidel, usikubali wala usikatae. Ndiyo, najua maksai wa watu... Basi nilaumu mimi. Kesho."

Ismenia alijaribu kumfikiria mwenzake wa kumwomba achore badala yake, mtu asiyemtakia mzee Belarmino chochote, jema wala baya. Mwenye ndevu alikuwa ameshapeana mikono. Ulises ndiye aliyembeba mzee kutoka kitandani. Hakumpata mtu.

Akaufuta mstari aliokuwa ameanza, pointi kwa pointi, mpaka ubongo ukabaki kama mashine ilivyoupiga. Akaiacha tupu nafasi ya utabiri, akavaa koti, akakaa tena kitini akisubiri mvua ipungue.