Mvuje wa Tumbo la Nihal

Kwetu Hathras mvuje, ule utomvu wa kunuka vikali, ndio daktari wa kwanza. Unatiwa kwenye dengu tumbo lisijae, unafukizwa ndani ya mtungi kabla ya kutia achari, na mtoto mchanga akijaa gesi anapakwa kuzunguka kitovu. Mwanangu Nihal ana miezi mitatu. Jumatatu alilia, mama mkwe wangu Ramkali, ninayemwita Amma, akampaka, mtoto akajamba mara mbili, akalala. Jumanne Amma akampaka tena, mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Sikuelewa. Mkono uleule, tumbo lilelile.

"Gesi ya leo kaidi," Amma alisema. "Tuongeze."

"Hatujazidisha, Amma?"

"Nimelea watoto watano kwa mvuje, mkamwana. Wewe umelea daftari la shule ya jioni."

Nilicheka kidogo, maana ni kweli. Kisha nikafunua nguo ya mtoto, nikaona duara jekundu kuzunguka kitovu. Kichwa kikanivurugika. Ni upele wa joto? Ni mafuta ya haradali? Dawa inaponyaje jana, ikaumiza leo? Na Amma, aliyekanda mvuje kiwandani miaka ishirini na miwili, nitamwambia nini mimi kuhusu mvuje?

Nilimwosha Nihal kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Kilio kikashuka, kikawa kwikwi. Ndipo nikainua kikombe alichochanganyia Amma. Harufu ilinitoa machozi.

"Amma, huu ni ule wa jikoni?"

"Wa jikoni uliisha jana. Huu mbichi, wa kiwandani, haujatiwa unga wa kuupunguza ukali. Lakini nina akili zangu. Nimeanza na chembe kwenye mafuta, nikawa natia kidogo kidogo mpaka niusikie harufu."

"Ukausikia?"

Alikichukua kikombe, akanusa. Akanusa tena, macho kayafumba. Akanisogezea kiganja chake puani.

"Kinanuka?"

"Kinanuka, Amma. Sana."

"Mimi kama nanusa maji." Akakaa kwenye kitanda cha kamba. "Na dengu ya juzi?"

"Ilikuwa kali."

"Mbona mlikula?"

"Tulidhani unaipenda hivyo."

Alinitazama, nami sikujua kama atalia au atanitukana. Akamtazama Nihal, akanyoosha mkono kumgusa, halafu akaukumbuka mkono wenyewe, akaurudisha mapajani.

"Nampeleka zahanati wakamwangalie ngozi," nilisema. "Huko hawataki kabisa mtoto mchanga apakwe vitu. Nilikuwa nawabishia."

"Lakini Jumatatu alipona."

"Alipona, Amma. Labda ni mvuje. Labda ni kule kujamba tu, angejamba hata bila sisi. Sijui."

Nilimfunga mwanangu kifuani. Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia anavuta ndala zake chini ya kitanda.

"Nisubiri," alisema. "Pua nayo wanaiangalia pale?"

"Sijui, Amma. Tutawauliza."