Katibu wa Wenye Pwani

Badi alijiunga na Wenye Pwani ili awafichue, na kabla ya wiki mbili kwisha wakampa ukatibu. Ulikuwa mwaka wa arobaini na saba. Chama hicho cha siri kilikuwa na watu tisa na azimio moja: kila mtu wa bara aondoke Changamwe, kwa hiari au kwa moto. Kati ya hao tisa aliyejua kuandika ni Badi peke yake. Mchana aliwaandikia watu barua barazani kwake, na kwa siri aliliandikia gazeti la *Kengele ya Pwani*.

"Usiandike bado," mhariri wake, Mwinyihaji, alimwambia. "Waache waive." Mhariri alikaa kisiwani, mbali na viberiti, kwa hiyo subira yake haikuwa na mwisho.

Ijumaa moja mwenyekiti Ngumbao, fundi cherehani, akaamuru barua ya kwanza ya vitisho. Ilikuwa ya Kioko, Mkamba aliyeuza chai karibu na stesheni. Badi akaandika: Hama katika siku saba, la sivyo tutakuchomea banda.

Ngumbao aliposomewa akakunja uso. "Mwanangu, wewe umelelewa wapi? Salamu ziko wapi? Hata hali hukumuuliza, na ana mke yule."

Wakabishana juu ya salamu saa nzima. Mwishowe barua ikatoka hivi: Kwa mpendwa wetu Bwana Kioko, baada ya salamu nyingi, sisi hatujambo, twatumai nawe na wa nyumbani hamjambo. Ama baada ya hayo, hama katika siku saba, la sivyo tutakuchomea banda. Wasalimie watoto. Badi aliona haya, lakini, Mungu amsamehe, aliona pia kwamba ni barua nzuri.

Kesho yake Kioko akaja nayo barazani asomewe, maana yeye hakujua kusoma. Akisoma yote, Kioko atakwenda polisi na habari ya gazeti itakufa. Akificha, mtu na mkewe watalala chini ya makuti yanayongoja moto. Akasoma salamu polepole, akafika kwenye "ama baada ya hayo", akakunja karatasi.

"Ni hayo tu. Wanakusalimu."

Kioko aliichukua barua, akaitazama sana. "Bwana Badi, mimi sijui kusoma, lakini mwandiko huu naujua. Umeniandikia barua kumi na moja kwa Mueni, mpaka akakubali kunifuata kutoka Machakos. Sasa nisomee yote."

Badi akasoma yote, kisha akakiri yote: gazeti, upelelezi, ukatibu.

"Kazi nzuri," Kioko alisema. "Na siku ya saba, wakija na moto, wewe ungesimama wapi?"

Badi alijua jibu la kweli: angesimama nyuma ya hao wachomaji, na penseli mkononi.

Kioko hakwenda polisi wala hakuhama. Siku ya saba, jioni, Ngumbao alifika na wenzake na debe la mafuta ya taa. Wakamkuta katibu wao kwenye benchi mlangoni mwa banda, kikombe mkononi.

"Katibu, mbona uko huko?"

"Nimehama, mzee," alisema Badi.

Mueni akatoka. "Shikamooni, wazee. Barua yenu tumeipata. Sisi hatujambo. Ila mmetusalimia watoto, na watoto bado hatujajaliwa."

"Marahaba," akaitika Ngumbao. "Mungu atawapa, inshallah." Maneno yalikwisha kumtoka. Akalitazama debe, akawatazama wenzake. Mtu aliyeombewa watoto hachomewi nyumba jioni ile ile. Wakanywa chai kwa uso wa msiba, wakaenda zao.

Badi aliandika habari yake usiku huo. Mwinyihaji aliisifu sana, akafuta sentensi ya kwanza tu, akasema itaharibu jina la gazeti. Badi akachukua kalamu, akairudisha: Barua ya vitisho niliiandika mimi.