Mkwe Aliyefuta Jasho Kabla ya Wakati

Bi Rakkayi hakugombana na mume wa mjukuu wake. Kugombana kunataka watu wasemezane, na yeye hakumsemeza. Tangu Kuyili alipofunga ndoa mjini Coimbatore mbele ya karani, bila bibi yake kuulizwa hata rangi ya sari, kila neno la bibi lilimfikia Maran kwa kupitia mkewe, hata wanapokuwa wote wamekaa mkeka mmoja.

"Kuyili, mwambie mumeo wali upo."

"Bibi, anakusikia."

"Sijauliza kama anasikia. Nimesema mwambie."

Maran, kwa heshima zake, akainamisha kichwa. "Kuyili, mwambie Bibi nimeshiba."

"Mwambie hajashiba. Hata kuku wangu hula zaidi ya hapo."

Kuyili alicheka kidogo tu. Bibi huyu ndiye aliyemlea, akamsuka nywele kila asubuhi ya shule. Safari hii alitaka jambo moja tu: amsikie akimwita Maran kwa kinywa chake mwenyewe, hata kama ni kwa kumkaripia.

Walikuwa wamekuja kwa siku ya samaki. Jua likishalinywa bwawa la Vellankanmai hadi maji yanabaki magotini, kijiji kizima huingia kuvua kwa siku moja, wake kwa waume. Samaki wale hawauzwi. Jioni kila jiko hunukia mchuzi wa ukwaju, na nyumba isiyonukia husemwa mpaka mvua zirudi. Ila hakuna anayelowesha unyayo kabla ya Mzee Sonai kumaliza sala juu ya tuta, kwenye farasi wa udongo wa Ayyanar, mungu mlinzi wa bwawa, kisha kupunga taulo jeupe. Baba yake alipunga, na babu yake pia. Ungemwona Sonai siku hiyo anavyotembea, ungedhani alizaliwa amevingirishwa kwenye taulo lile.

Asubuhi watu walikuwa wameshalizunguka bwawa na nyavu zao, sari kuukuu, na matenga yasiyo na kitako, yale ya kumfunika samaki kisha ukampapasa kwa mkono kupitia juu. Pechi, jirani yao, alimtazama Maran toka utosini hadi miguuni.

"Kuyili, mumeo amevaa suruali ya ofisini. Anakwenda kuvua au kuwasainisha samaki?"

"Shangazi, mwache."

"Simsemi vibaya, mwanangu. Kambare wa hapa hawajapata kuona mtu aliyepigwa pasi. Huenda wakatoka wenyewe kumtazama."

Bi Rakkayi alikuwa ameshapachika pindo la sari kiunoni. Alimsukumia Kuyili taulo jipya, jeupe pe. "Mwambie mumeo ajifunike kichwa. Jua la hapa halina feni."

Maran akajifunika, akapanda tuta apate kuona vizuri. Alisimama karibu na farasi wa udongo. Nyuma ya farasi hao, asikoonekana na mtu, Mzee Sonai alikuwa ameinama akihangaika na kafuri ya sala iliyokataa kuwaka kwenye sahani. Jua likamzidi Maran. Akavua lile taulo, akaona chungu anatambaa juu yake, akalikung'uta, kisha akafuta uso.

Vijana wa ng'ambo ya bwawa waliona kitu cheupe kikipepea juu ya vichwa vya farasi. Hawakusubiri kujua ni mkono wa nani. Wakaingia kwa kishindo, na kijiji kikawafuata, Pechi akiwa mbele kuliko umri wake.

Mzee Sonai alipotokeza na sahani yake, kafuri sasa ikiwaka vizuri kabisa, alikuta watu wake wote wako matopeni.

"Nani amepunga?"

Mikono ikanyooka kuelekea kwa Maran, mingine ikiwa bado na samaki.

Maran akakutanisha viganja. "Mzee, nisamehe. Nilikuwa nafuta jasho."

"Jasho la kazi gani?"

Wengine wakacheka, lakini Sonai hakucheka. "Mtu wa kuja. Amekula wali wetu jana, leo anatuvunjia mila ya mababu. Rudisheni samaki majini. Mwaka huu hakuna kuvua."

Kuyili alikwisha kuyasikia akilini maneno ya mwaka mzima, majiko yasiyonukia, na jina la mumewe katika kila kinywa. Bibi akifunga mdomo kwa hili, hataufungua tena.

Ndipo akamwona Bi Rakkayi anapanda tuta taratibu, matope hadi magotini, amembana kambare kwapani.

"Sonai."

"Dada, hili usiliingilie."

"Nimeshaingia, huoni matope? Taulo nimempa mimi. Na huyo unayemwita mtu wa kuja ni mkwe wangu. Kumnunia ni kazi yangu, sijakuomba unisaidie." Akamhamisha kambare hadi kwapa lake la pili. "Babu yako alitoka wapi?"

Sonai akatazama sahani yake.

"Ng'ambo ya mto. Alikuja kuoa hapa. Bibi yangu aliyaona kwa macho yake. Wakamwingiza bwawani, kambare akampita miguuni, naye akakimbia akapanda farasi wa Ayyanar, akapunga taulo aokolewe. Watu walicheka hata wakasahau kuvua. Mwaka uliofuata wakamwambia, wewe kaa huko huko juu, kazi yako kupunga. Hiyo ndiyo mila ya mababu."

Kicheko kilianzia upande wa wanawake, kikalizunguka bwawa lote. Sonai aliukaza uso kadiri alivyoweza.

"Hakupanda farasi," alisema mwishowe. "Alishika mkia tu."

Basi yakaisha. Samaki waliokwisha kuvuliwa wakawekwa kando kwa sufuria ya Ayyanar, chakula cha wote, na watu wakatoka majini hadi wa mwisho. Sonai akaanza sala upya, akaivuta makusudi, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Alipopunga, alipunga kwa mikono miwili.

Watu wakaporomoka tena majini. Maran peke yake alibaki juu ya tuta, viganja bado vimekutana.

"Wewe Maran," Bi Rakkayi akasema, "umegeuka farasi wa udongo? Shuka uvue."

Kuyili, kwa mazoea, alifungua kinywa ampelekee mumewe ujumbe. Akakifunga. Alijifanya anakunja sari ili wasimwone macho.

Maran alishuka na suruali yake ya ofisini. Bibi akamfuata nyuma. "Si hivyo. Tenga unalishika kama mwavuli. Chomeka. Sasa tia mkono. Unaogopa nini, hana meno ya kukutosha. Maran, nimesema mkono wa kulia. Huko Coimbatore hamna mkono wa kulia?"

Alimsemesha mchana kutwa. Alimsemesha njiani, akamsemesha akipara samaki, akamsemesha juu ya sahani ya wali kwamba anakula kama mgonjwa. Usiku, mchuzi ulipokwisha kuliwa, Maran alimsogelea mkewe jikoni, akamnong'oneza.

"Kuyili, mwambie Bibi nimechoka, nakwenda kulala."

"Mwambie mwenyewe," Kuyili akamjibu. "Mnasemezana siku hizi."